Simu ndogo haijafa, iko mfuko wa pili

Februari 2025 Apple ilileta iPhone 16e na papo hapo ikaacha kuuza iPhone SE, simu yake ya mwisho iliyokuwa na kioo kisichofika inchi 6. Ile iPhone mini, iliyotoka 2020 na kurudi 2021, ilikuwa imeshakosa mrithi tangu 2022. Kuanzia hapo wachambuzi wa simu, wa ughaibuni na wa kwetu, wameshika wimbo mmoja: simu ndogo imekufa, watu wameikataa wenyewe, soko limeshasema. Hapa Dodoma hukumu hiyo hutiwa chumvi kidogo. Utaambiwa Mtanzania ndiye hasa asiyeitaka simu ndogo, kwa kuwa anapenda sifa na simu kubwa inaonekana mezani. Hoja yangu ni kwamba kauli zote mbili zinasoma vibaya kinachoendelea mitaani. Watu hawajaikataa simu ndogo, ila hawajawahi kuuziwa simu ndogo iliyo nzuri kwa bei wanayoimudu. Kwa hiyo wamejigawia kazi wenyewe: simu kubwa ya kutazama, kitochi, ile simu ndogo ya batani yenye tochi, cha kushika. Ukihesabu simu janja peke yake utaona ushindi wa kioo kikubwa; ukihesabu vilivyomo mifukoni utaona jambo jingine. Na anayelipia kosa hili la usomaji ni yule mwenye uwezo wa kununua simu moja tu.

Tulifikaje hapa? iPhone ya kwanza, ya 2007, ilikuwa na kioo cha inchi 3.5, na kwa miaka kadhaa kipimo hicho kilionekana kinatosha. Mwaka 2011 Samsung ikaja na Galaxy Note ya inchi 5.3, na wengi waliicheka, wakasema ni kishikwambi kinachojifanya simu. Miaka mitatu baadaye Apple wenyewe walitoa iPhone 6 Plus ya inchi 5.5, kicheko kikaisha. Kinachosahaulika ni kilichofuata. Kuanzia mwaka 2017 hivi vioo viliacha kupanuka vikaanza kurefuka. Inchi za kioo hupimwa kwa mshazari, kutoka pembe hadi pembe, hivyo ukikirefusha bila kukipanua, namba iliyoandikwa kwenye boksi inapanda ilhali upana uko palepale. Piga hesabu: kioo cha zamani cha inchi 5.5, chenye uwiano wa 16 kwa 9 (urefu kwa upana), kina upana wa milimita 68 hivi. Kioo cha sasa cha inchi 6.5, chenye uwiano wa 20 kwa 9, kina upana wa milimita 68 hizohizo. Ile inchi nzima tunayojivunia imekwenda juu, ambako dole gumba halifiki, na mstari wa maandishi haukuongezewa hata herufi moja. Mzee aliyeshauriwa na mjukuu wake anunue simu kubwa ili asome bila miwani anaongeza ukubwa wa herufi, mistari inakatika baada ya maneno mawili matatu, naye anabaki kusogeza kidole kutwa nzima.

Watengenezaji wanalijua tatizo la dole gumba vizuri kuliko sisi. Mwaka uleule wa 2014 walipotoa simu kubwa, Apple waliweka njia ya kukishusha kioo chote chini ili sehemu ya juu ifikike kwa mkono mmoja, na Android nayo ikaingiza mpangilio wa mkono mmoja kwenye toleo la 12 mwaka 2021. Mtu hawekewi ngazi kwenye rafu asiyotatizika kuifikia. Lakini uliza watu kumi walio karibu nawe kama wanajua simu yao ina kitu hicho, na kama wanakitumia.

Sasa ingia kwenye maduka ya simu ya hapa mjini. Utakuta Tecno, Infinix na itel, zote tatu za kampuni moja, Transsion ya Shenzhen, na pembeni Samsung za daraja la A. Zile za bei ya chini karibu zote zina kioo cha inchi 6.5 hadi 6.8 na betri ya mAh 5,000. Chukua Samsung A06: kioo inchi 6.7, upana wa mwili milimita 77, uzito gramu 189. SE ya kwanza, ile ya 2016, ilikuwa na upana wa milimita 58.6 na gramu 113. Ukimwomba muuzaji simu janja ndogo, ataangalia juu kidogo, kisha atakutolea moja kati ya mbili. Ama simu ya inchi 5 yenye memori finyu, inayoganda ukifungua WhatsApp na ramani kwa pamoja, ama iPhone ya zamani iliyokwisha kutumika na mtu mwingine, betri yake ikiwa imechoka. Hakuna duka litakalokuwekea mezani simu mbili zenye nguvu sawa na bei sawa, moja ndogo na moja kubwa, ukaambiwa chagua. Ukubwa umefungwa kamba moja na ubora. Mteja anayetaka simu isiyoganda anaondoka na simu kubwa, kisha kwenye takwimu za mauzo anaandikwa kuwa ni mpenzi wa simu kubwa.

Ndiyo maana naona mtu akitaka kujua wateja wanataka nini atajifunza zaidi sokoni kuliko dukani. Pale Soko la Majengo nilinunua mlenda wa kukausha kwa mama mmoja wa makamo, nikalipa kwa simu. Mkono wake wa kulia ulikuwa na kopo la kupimia, vidole vimepakwa unga wa kijani. Kwa mkono wa kushoto alifungua fundo la pindo la kanga, akatoa kitochi, akakitupia jicho kuona meseji ya malipo, akabonyeza kwa dole gumba, akakirudisha na kulifunga fundo kwa vidole viwili na meno. Kopo halikuwahi kutua. Nilipomuuliza kama hana simu ya kioo, alinionyesha kwa kidevu kikapu chini ya meza, ambamo ilikuwa imeviringishwa kwenye kitambaa. "Hii ndiyo ya biashara, mwanangu. Ile ya watoto, na ya WhatsApp ya kikoba." Huyo ni mtu mwenye simu mbili kwa hesabu zake mwenyewe, na katika mazungumzo yetu yote ya "simu ndogo imekufa" hajahesabiwa hata mara moja. Kitochi chake hakimo kwenye mjadala kwa kuwa si simu janja, na simu yake ya kikapuni imehesabiwa kama ushahidi dhidi ya mkono wake.

Kazi za mkono mmoja ni nyingi kuliko tunavyokubali. Dereva wa boda anapigiwa na abiria akiwa njiani kutoka Nkuhungu. Anasimama pembeni, glavu moja imevuliwa, anataka kupokea, kusikia jina la mtaa na kuondoka. Wengine hufunga simu kubwa kwenye usukani ili waone ramani, na hapo kuna hasara wasiyoambiwa: mwaka 2021 Apple yenyewe ilitoa tahadhari kwamba mtikisiko wa injini za pikipiki unaweza kuharibu mitambo ya kamera za simu zake. Kondakta wa daladala ya Mtumba ameshika bomba kwa mkono mmoja na nauli kwa mkono wa pili. Mama aliyebeba mtoto mgongoni na ndoo kichwani anao mkono mmoja, tena wa kuazima. Ongeza na hali yetu ya hewa. Kuanzia Mei mpaka Novemba Dodoma ni kavu, upepo unabeba vumbi jekundu, na jua la saa saba mchana linakilazimisha kioo kuwaka mpaka mwisho ili kisomeke, jambo linalokula chaji nyingi. Kioo kikubwa kwenye jua hilo ni taa kubwa inayowashwa mchana. Kitochi hakina shida hiyo. Mtu anakisoma kwa kivuli cha kiganja.

Hata hivyo nisionekane ninaipigia debe simu ndogo na kuishusha kubwa. Utetezi wa simu kubwa una nguvu, na wenye nguvu zaidi ni huu: katika nyumba nyingi za Chamwino, Bahi au Chang'ombe hapahapa mjini, simu janja ndiyo kioo pekee cha familia. Hakuna kompyuta, na televisheni kama ipo inategemea king'amuzi kilicholipiwa. Jioni simu hiyo inaegemezwa kwenye chupa ya chai na watu wanne wanatazama mechi ya Simba na Yanga. Usiku mtoto wa kidato cha nne anaitumia kusoma mitihani iliyopita, matokeo ya NECTA yakitoka ndiyo inayofunguliwa, picha za harusi ziko humo, na mchango wa kikoba unasomwa humo. Kwa matumizi hayo kioo cha inchi 4.7 ni mateso. Mtu anayeandika kwa kompyuta mpakato, ana televisheni sebuleni na kishikwambi kitandani, anaweza kuitamani simu ndogo kwa sababu vioo vyake vingine vinabeba kazi nyingine. Kule Marekani au Ufaransa simu ndogo ni nyongeza kwenye vioo vitatu. Kwetu ingekuwa mbadala wa vyote, na hapo haiwezi. Kwa hiyo ninapoona familia inajibana kununua simu ya inchi 6.7, ninachokiona ni hesabu safi: shilingi ileile inaleta televisheni, kitabu na kamera.

Na hapo ndipo hoja dhaifu kuliko zote inapoanguka, hoja ya sifa. Ni kweli wapo wanaonunua simu ili iwekwe mezani ikitazama juu, kamera tatu zikionekana. Lakini sifa huwa inafuata bei na chapa, haifuati sentimita. Ingekuwa watu wanafuata ukubwa, iPhone ya inchi 6.1 isingekuwa na heshima yoyote mbele ya Infinix ya inchi 6.8, na kila kijana anayekaa pale Nyerere Square anajua ipi inageuza shingo za watu. Zaidi ya hayo, simu ya kujionyesha haiviringishwi kwenye kitambaa kikapuni. Wanaotoa hoja hii mara nyingi ni watu wenye vioo vitatu nyumbani, na wanashindwa kuona kwamba jirani yao amenunua televisheni inayopiga simu.

Hoja ya pili ni ya wafanyabiashara, nayo inastahili jibu la heshima: mini ililetwa, haikununuliwa, basi. Ni kweli haikuuza kama ndugu zake. Lakini tazama kilicholetwa. Mini ya 2020 iliuzwa Marekani kwa bei ya kuanzia dola 699, na betri yake ilikuwa chini ya nusu ya ile mAh 5,000 ambayo mnunuzi wa simu ya bei ya chini hapa anaichukulia kuwa ya kawaida. Jaribio lililofanywa lilikuwa hili: je, mtu yuko tayari kulipa bei ya simu ya kifahari ili apate simu inayozima alasiri? Wengi walisema hapana, na mimi ningesema hapana. Kutoka hapo hadi kusema binadamu hawapendi simu inayoenea kiganjani ni safari ndefu isiyo na daraja. Kwa soko letu jaribio lenyewe halikufanyika kabisa. Miaka hii ya vioo virefu sijaona aliyeleta Dodoma simu ya inchi 5.5, yenye memori ya kutosha na betri ya siku nzima, kwa bei ya Tecno ya kawaida.

Sababu ya kutoletwa iko kiwandani zaidi kuliko kwa mteja. Simu kubwa ni rahisi kuitengeneza: betri nene inaingia, joto linapata pa kutokea, kamera zina nafasi. Vioo vya inchi 6.5 na kitu vinatengenezwa kwa mamilioni kwa ajili ya chapa nyingi kwa pamoja, na kwa hiyo vimekuwa rahisi; kampuni inayotaka kioo kidogo kizuri italazimika kuagiza chake peke yake. Kwa simu inayouzwa kwa faida nyembamba, uamuzi huo unafanyika kwenye daftari la mhasibu kabla mteja hajaulizwa chochote. Sioni ubaya wa mhasibu kufanya kazi yake. Ninachokataa ni sisi kuuchukua uamuzi wake tukauita utamaduni wetu.

Betri ndiyo hoja ninayoiheshimu kuliko zote, hasa kwa mtu wa Mpwapwa au Kondoa vijijini anayechaji kwa sola au kulipia chaji dukani. Kwa miaka mingi hapakuwa na ujanja: betri kubwa inataka mwili mkubwa. Lakini hata hilo limeanza kulegea. Betri mpya zinazochanganya silikoni na kaboni zimeingia kwenye simu za China tangu 2023, na zinabeba umeme mwingi zaidi kwenye nafasi ileile. Vivo X200 Pro mini ya Oktoba 2024 ina kioo cha inchi 6.31 na betri ya mAh 5,700. OnePlus 13T ya Aprili 2025 ina inchi 6.32 na mAh 6,260. Siyo simu ndogo kwa kipimo cha SE, na bei zake si za mtu wa Kibaigwa anayesubiri mahindi yauzwe. Hata hivyo zimevunja kile kisingizio kikuu, kwamba chaji ya kudumu lazima uibebe kwa gramu mia mbili. Kilichobaki ni teknolojia hiyo kuenea kwenye simu za bei ya chini, na historia ya simu inaonyesha vitu vya juu huwa vinashuka. Vikishuka, kampuni zitakuwa na chaguo: kupunguza mwili wa simu au kuuacha mkubwa na kujisifu kwa mAh 7,000. Nikiulizwa, nitasema watachagua la pili, kwa kuwa namba kubwa inauzika kwenye bango.

Kuna jaribio moja lililofanyika hapa Tanzania ambalo wasemaji wa "soko limesema" hawalitaji. Mwaka 2019 Vodacom Tanzania iliingiza sokoni Smart Kitochi, simu ya batani iliyotumia mfumo wa KaiOS: ndogo, ya bei nafuu, chaji inakaa, na WhatsApp imo. Kwa yule mama wa Majengo hiyo ilikuwa kama imeshonwa kwa vipimo vyake. Lakini simu ndogo haiishi kwa batani, inaishi kwa programu, na programu zina wenyewe. Juni 2024 WhatsApp ilisimamisha upakuaji mpya kwenye KaiOS, na mwaka 2025 ikauacha mfumo huo kabisa. Aliyekuwa na simu hiyo hakuamka siku moja akachoka kuwa na simu ndogo. Aliondolewa kitu kilichomfanya ainunue. Sikatai kwamba KaiOS ilikuwa na kasoro zake, kuandika ujumbe mrefu kwa batani kunachosha na picha zilifunguka kwa kujikongoja. Ila mtu akikifungia kitu mlango kisha akasema hakikuingia, tuwe na tabia ya kutazama nani ameshika ufunguo.

Wapo pia wapenzi wa simu ndogo wanaosema itatuponya uraibu wa mitandao. Hawa sitawapa nafasi ndefu. Vijana wa UDOM wanatazama video fupi usiku kucha kwenye simu za kila kipimo, na anayetaka kupunguza matumizi bando likiisha atapunguza.

Tatizo halisi, kwa macho yangu, liko kwa mtu wa simu moja. Mwenye simu mbili amejinusuru, japo kwa gharama: laini mbili, chaja mbili, na kazi ya kuhamisha habari kutoka simu moja hadi nyingine. Tazama malipo ya serikali. Ankara inatengenezwa kwenye simu janja au kwa mtu wa steshenari, inatoka namba ya malipo yenye tarakimu 12, na mtu anaisoma kwenye kioo kikubwa huku akiibonyeza kwenye kitochi kupitia *150*00#, tarakimu tatutatu, akirudia kwa sauti asije akakosea. LUKU ni hivyohivyo: anainunua kwenye kitochi, meseji inakuja na tarakimu 20, anasimama mbele ya mita gizani akizihamisha kwa kidole, kitochi kikiwa kimewashwa tochi yake. Ni usumbufu, lakini mambo yanakwenda, kwa sababu menyu ya kulipia huduma hizo ilijengwa wakati ambapo simu ya karibu kila mtu ilikuwa ndogo. M-Pesa ilianza nchini 2008, na menyu yake ilibuniwa kwa dole gumba moja na kioo cha kiganjani. Sidhani kama ni bahati kwamba huduma iliyoenea kuliko zote ndiyo hiyo.

Huduma mpya hazijengwi hivyo. Fomu nyingi za mtandaoni, za umma na za benki, zinaonekana zimebuniwa na mtu aliyekaa mbele ya kompyuta, kisha zikabanwa ziingie kwenye simu. Kishale cha kurudi kiko juu kushoto, mbali kabisa na dole gumba la mkono wa kulia. Kitufe cha kutuma kinafichwa na kibodi. Jedwali linatoka nje ya kioo, mtu analivuta kushoto na kulia kama anakuna nazi. Kiambatisho ni faili la PDF la ukubwa wa karatasi, ambalo kwenye ule upana wa milimita 68 halisomeki mpaka ulivute, na ukilivuta unapoteza mwanzo wa mstari. Mwenye simu moja kubwa atamaliza fomu hiyo akiwa amekaa, kwa mikono miwili, kivulini. Mwenye simu moja ndogo anakwenda steshenari na kulipa. Mwenye kitochi peke yake hayumo kabisa. Tunaposema simu ndogo imekufa, maana yake kwa wajenzi wa mifumo ni ruhusa ya kuacha kuwafikiria wote hao, na hiyo ndiyo sababu kosa la usomaji nililoanza nalo lina uzito kuliko ubishi wa kijiweni.

Hata sera zetu zimekuwa zikitazama upande mmoja. Katika bajeti ya 2021/22 serikali iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwenye simu janja, vishikwambi na modemu, na mwaka uliofuata ikairudisha. Mjadala wote ulikuwa juu ya bei: ishuke au isishuke, na nani amekula tofauti. Bei ni jambo kubwa, sibishi. Lakini mtu akishapata hiyo simu janja bado tunamwacha na swali la kama ataweza kuitumia akiwa kazini, na kazi za wengi wetu hazifanyiki kwenye kiti.

Kwa mnunuzi, la kufanya ni dogo. Inchi zisikupe shida sana, kwa kuwa zinapima mshazari. Uliza upana wa mwili kwa milimita, au ukikosa wa kukujibu, shika simu kwa mkono mmoja dukani na ujaribu kufikia kona ya juu ya upande wa pili bila kuisogeza kiganjani. Milimita 70 na 77 kwenye karatasi ni kama kitu kimoja. Kwenye kiganja cha mwanamke mwenye mkono wa wastani ni tofauti ya kushika na kuegemeza. Ukiona kava nene linaongeza milimita nyingine tatu, lihesabu nalo. Na kama una simu kubwa tayari, ingia kwenye mipangilio uwashe ule mtindo wa mkono mmoja.

Kwa wanaojenga mifumo, la kufanya ni kubwa kidogo, lakini wana bahati ya mahali. Makao makuu ya serikali yako hapa, ofisi zinazoandaa fomu hizo ziko Mtumba na katikati ya mji, na nje ya mageti yao kuna vijiwe vya boda na akina mama wa chakula. Vitufe vinavyotumika sana vishuke chini ya kioo. Namba ya malipo itumwe kwa meseji kwenye laini anayolipia mtu, asilazimike kuinakili. Kila hatua inayoweza kumalizwa kwa menyu ya nyota na reli ibaki na menyu hiyo hata baada ya programu nzuri kutoka. Na kabla mfumo haujapelekwa mikoani, apewe dereva mmoja wa hapo kijiweni, akiwa juu ya pikipiki yake saa saba mchana, aujaze kwa mkono mmoja huku mbunifu akiwa amesimama pembeni, kimya, anaandika kila anapokwama.